Kizuizini Bunju

Kwamba askari wa kizuizi cha Bunju alikuwa akipokea kuku kwa wasafiri, hilo nililisikia tu, nami siliandiki kama kweli. Ninayoyaandika niliyaona mwenyewe, nikiwa mkalimani wa mzungu aliyetumwa kukagua utaratibu ulioruhusu wenyeji wa Kenya, Uganda, Unguja na Tanganyika kuvuka mipaka pasipo pasi.

Lori kutoka Mombasa lilisimamishwa asubuhi. Askari hakudai pasi, kwa kuwa mkaguzi alikuwapo. Alidai kila abiria avue bega aonyeshe kovu la chanjo ya ndui. Wanaume walivua mashati wakapita. Mwanamke mmoja mwenye buibui alikataa kujivua barabarani. Kaka yake, aliyekuwa akimngojea hapo, alikwisha kumpa habari: mama yao amefariki huko Mbweni, na atazikwa baada ya sala ya adhuhuri. Mwanamke huyo hakuwa na dada. Kumwosha mama kulikuwa juu yake.

Aliomba bega lake litazamwe na mama muuza uji aliyekuwa hapo kando, ndani ya kibanda chake. Askari akacheka.

"Bibie, macho ya serikali ni haya mawili. Ya muuza uji ni ya kutazamia chungu."

"Afande," kaka akasema, "maji yamekwisha kutiwa moto."

Nilimfasiria mkaguzi neno kwa neno, nikaongeza kwamba njia iliyokusudiwa kuwa wazi inafungwa mbele yake. Aliendelea kukoroga chai.

"Kanuni inakataza kudai karatasi," alinijibu. "Mkono si karatasi."

Akaniamuru niandike kwamba kizuizi kinafuata utaratibu. Nimeketi na wasomi wengi, wema na wabaya. Sijapata kuona elimu ikitiwa uchafu kiasi kile, tena kwa sauti ya upole.

Jua lilipofika utosini, askari aliletewa wali na samaki. Akainua mti wa kizuizi kwa mkono mmoja, sahani mkono wa pili.

"Haya, piteni. Mnaniletea nzi kwenye chakula."

Bega la yule mwanamke halikutazamwa na mtu.

Mkaguzi alirudi mjini kwa gari. Mimi niliomba ruhusa nikafuatana na ndugu wale wawili hadi Mbweni, ili nishiriki mazishi. Tulipofika, shimo la maji ya josho la maiti nyuma ya nyumba lilikuwa limekwisha kufukiwa, mchanga wake ungali mbichi. Mwoshaji, bibi wa makamo, alitoka mlangoni akamshika yule binti mikono yote miwili.

"Tulikungoja, mwanangu, hata wanaume wakatuhimiza. Tumekwisha kumfunga sanda."

Akamwingiza ndani. Wapo wasemao kwamba alifunuliwa uso wa mama yake, wengine wanakana. Mimi nilikuwa uani pamoja na wanaume. Nililoliona ni jeneza likitolewa, kaka yake akiwa ameshika mbele, nasi tukalipokea mabegani.