Mafaili Kumi na Sita ya Manang Perpetua

Anayesema kujitolea ni kazi ya wasio na kazi hajawahi kukaa mbele ya Perpetua Nufable wa Miagao. Miaka kumi na tisa alitufundisha sisi wahadhiri wa kisiwa cha Panay kukagua vyuo vya ualimu vya wenzetu, ili vipewe ithibati au vinyimwe. Ujira wake ulikuwa nauli ya basi na cheti cha shukrani. Sote tunamwita Manang, dada mkubwa, hata wanaomzidi umri.

Mimi nilimchukia siku ya kwanza. Kwetu mgeni hafanyi kazi na njaa, na chuo kinachokaguliwa huchoma nguruwe mzima kabla hujafungua hata kabati moja. Basi asubuhi ile ya mafunzo tulikuta meza imeandaliwa, nguruwe katikati, ngozi inang'aa. Nikawa wa kwanza kuivunja ile ngozi. Manang aliniacha nile mpaka nikalamba vidole.

"Tamu, Teyo?"

"Tamu sana, Manang."

"Haya, tuambie makosa ya mpishi."

Nikafuta mdomo kwa mkono. Wenzangu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Mnamwona?" akasema. "Kinywa kilichojaa hakina ripoti. Kula baada ya kusoma ulichoandika, si kabla."

Nilinuna siku mbili. Lakini tangu siku hiyo kila ninapokwenda kukagua nabeba wali wangu na samaki mkavu, na wenyeji wakinuna, shauri yao.

Alitufundisha kukaa nyuma ya darasa na kumuuliza mwanafunzi kabla ya mkuu wa chuo. Alama ya huruma, alisema, ni uongo uliovaa vizuri. Nilimwamini kwa kila neno, na ndiyo maana mwaka juzi nilitamani ardhi inimeze.

Timu yetu ya watu watatu ilipelekwa chuoni kwake. Yeye hakuwa upande wetu, bila shaka. Alikuwa msimamizi wa mazoezi ya kufundisha, kozi aliyoijenga tangu ilipokuwa na wanafunzi saba. Alibakiza mwaka mmoja na miezi michache astaafu, na ithibati ile ndiyo aliyotaka kuondoka nayo.

Kanuni ni kwamba kila mwanafunzi anapofanya mazoezi ya kufundisha shuleni atazamwe na mhadhiri wake, mara nne. Nikafungua kabati. Mafaili ya wanafunzi kumi na sita yalikuwa na karatasi mbili tu zilizojazwa kila moja. Ya tatu na ya nne zilikuwa tupu, bila sahihi wala tarehe, na aliyepaswa kuzijaza ni Manang mwenyewe. Nikatazama kalenda: wiki zile alikuwa Kalibo, Roxas, San Jose, akitufundisha sisi kukagua. Mganga hajigangi, jamani.

Angeweza kuzijaza zote kwa kalamu moja, jioni moja. Nimeona vyuo vikifanya hivyo bila aibu. Yeye aliziacha tupu, mahali ambapo tungeziona.

Mwenzangu Hermosa akaninong'oneza, "Andika 'baadhi ya wanafunzi'. Nani ataumia?"

Nikaandika baadhi. Nikafuta. Nikaiandika tena, nikafuta tena, nikimlaani Manang kimoyomoyo kwa kunifundisha vizuri hivyo. Mwisho niliandika kumi na sita.

Kesho yake ripoti ilisomwa ukumbini, kama desturi, mbele ya wahadhiri wote. Manang alikaa safu ya pili, mkoba mapajani. Nilipofika kwenye idadi, mkuu wa chuo, Bwana Severino, aliinuka.

"Huyo ni mwalimu wako mwenyewe. Huna hata haya?"

Nikainamia ripoti. Manang ndiye aliyesimama.

"Mkuu, kaa. Huyu nimemfundisha mimi. Akisema kumi na sita, ni kumi na sita." Kisha akanigeukia. "Endelea. Na paza sauti, wa nyuma hawasikii."

Chuo kiliahirishiwa ithibati mwaka mzima. Manang akakataa kila mwaliko wa kufundisha wakaguzi. Mwaka ule alivaa mabuti ya mpira akapanda hadi shule za milimani, akakaa nyuma ya madarasa, mpaka hakuna mwanafunzi wake aliyetazamwa chini ya mara nne. Ithibati ilikuja mwezi mmoja kabla ya kustaafu kwake. Mafunzo akaniachia mimi.

Siku nilipoanza kufundisha wakaguzi, alikuja na faili moja kati ya yale kumi na sita, nilitumie kufundishia. Mafaili ya mafunzo huwa tunafunika majina. Nikachukua kalamu nene, nikafunika la mwanafunzi, kisha nikashuka hadi mahali palipoandikwa Perpetua M. Nufable, mhadhiri msimamizi.

"Hilo liache," akasema.

"Manang, watakujua."

"Wanijue. Na wakiuliza nani aliyelikamata kosa hili, usione haya, jitaje."

Akavuta kiti, akaenda kukaa nyuma kabisa pamoja na wahadhiri waliokuja kujifunza ukaguzi, akasubiri nianze.