Mvua ya Shinyanga, Mvua ya Nyarugusu

Sikuondoka Shinyanga kwa hamu ya kutembea. Redio ndiyo iliyoniondoa. Kila asubuhi kuna mtangazaji anayesoma mambo makubwa ya hali ya hewa yaliyotokea tarehe kama ya leo: kimbunga cha mbali, ukame, mafuriko. Kwetu tarehe moja ni ya msiba. Miaka tisa iliyopita, tarehe hiyo, baada ya ukame mrefu, mvua ilijaza lambo letu kwa mchana mmoja, na mama akacheza katikati ya pamba yake akimshukuru Mungu. Wiki mbili baadaye mchimbaji mmoja alituletea begi la mdogo wangu Masanja kutoka Nyarugusu, kwenye machimbo ya Geita. Alisema duara, yaani shimo la dhahabu, lilimfukia "siku ile ya mvua kubwa." Mama alimalizia mwenyewe: alikuwa anacheza huku mwanawe anakufa. Hajajisamehe mpaka leo.

Mwaka huu mtangazaji akaifikia mvua yetu, akaongeza kwamba siku hiyohiyo upande wa Geita watu walikuwa bado wakiililia. Mama alikuwa ameenda kisimani. Mimi niliacha cherehani, nikajiuliza: basi mvua iliyomfukia Masanja ilikuwa ipi? Sikumwambia kitu, maana maneno ya redio peke yake hayatoshi kumfufulia mtu matumaini.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nilimuaga kwamba nafuata vitenge, nikapanda basi la Kahama. Fundi nguo akisema anafuata vitenge, nani atambishia? Njiani majaruba ya mpunga yalikuwa yamekauka, na ng'ombe walitafuta majani pasipo na majani. Kahama nilikula chapati mbili nimesimama, nikapata gari la kupitia Kakola. Kuanzia hapo kila lori lililotupita lilituachia vumbi jekundu, tukafanana wote, tajiri na fukara.

Saa tisa alasiri bodaboda alinishusha Nyarugusu. Makarasha yalikuwa yanasaga mawe kwa kelele kiasi kwamba hata salamu inabidi uipaze. Nilimuuliza mzee mmoja wachimbaji wa miaka ile walikuwa wanakula wapi, akanielekeza kwa mama lishe anayeitwa Mama Mbula. Kwa Kisukuma mbula ni mvua, na mtoto aliyezaliwa inanyesha hupewa jina hilo. Niliongeza mwendo.

"Mwadila, Mama Mbula," nilimsalimia Kisukuma. "Mimi ni dada yake Masanja, wa Shinyanga."

Aliweka mwiko chini. "Masanja yule mrefu? Pole, dada. Kaa kwanza."

Nilikaa, nikamuuliza mvua iliyomfukia ilinyesha lini.

"Si ndiyo iliyonipa huyu?" Alimwonyesha binti aliyekuwa anachambua mchele. "Mimi niko kwenye uchungu, watu wanakimbilia maduarani. Kabla ya hapo mwezi mzima hatukuona hata tone."

Aliingia ndani akatoka na kadi ya kliniki. Nilisoma tarehe ya kuzaliwa mara tatu. Ilikuwa siku nne baada ya mvua yetu.

"Kwa hiyo siku nne kabla alikuwa mzima?"

"Mzima kabisa. Alikuwa anakula hapa kila jioni, anatania wenzake."

Nililia mbele ya wateja wake, wala sikuona haya. Mama Mbula alinifunika mabega kwa khanga yake akaendelea kusonga ugali.

Jumapili jioni niliingia nyumbani bila kitenge hata kimoja. Mama alikuwa jikoni. Nilikiri uongo wangu, kisha nikamweleza yote. Safari hii imenifunza kwamba mtu akikutajia mvua kubwa, muulize kwanza ilinyesha wapi. Sisi hatukuuliza, na mama akabeba kosa lisilo lake miaka tisa.

Mama aliepua chungu, akaketi.

"Basi nilipokuwa nashukuru, alikuwa hai," alisema.

"Alikuwa hai, mama. Siku nne nzima."

"Alikula nini siku hizo?"

"Ugali na dagaa."

"Dagaa? Masanja hali dagaa."

"Mama Mbula anasema alikuwa anaomba aongezewe."

Mama alicheka huku machozi yanamtoka. "Kumbe kwangu alikuwa anadeka tu."