Mluzi wa Kisimani Unaomkosesha Kanchoro Raha

Saa moja asubuhi jua la Isiolo bado halijawa kali, lakini Kanchoro Gollo ameshalowa jasho. Anazunguka ua wa kituo cha kulelea wanyama yatima, mikono nyuma, anasimama, anachungulia, anaendelea. Chai aliyoletewa na mkewe, Dahabo, imepoa juu ya jiwe.

Ukimwuliza kulikoni, anaelekeza kidevu kwa punda milia jike anayekula nyasi peke yake.

“Huyo ndiye ananinyima raha,” anasema.

Jumatatu punda huyo anatarajiwa kurudishwa porini. Lakini kwanza atajaribiwa. Akiitwa na binadamu akaja, porini harudi ng’o. Atabaki nyuma ya nyaya hizi mpaka afe. Na aliyemfundisha kuja akiitwa ni Kanchoro mwenyewe.

Kanchoro, mzaliwa wa Korbesa, alikuwa mfugaji. Ukame wa 1984, miaka mitatu tu iliyopita, ulimfyekea mifugo. Katika ng’ombe arobaini walibaki wawili. Akaja mjini, akapata kazi hapa. Hata hajazoea, akaletewa mtoto wa punda milia ambaye mamake aliuawa na majangili kwa ajili ya ngozi.

Mtoto alikataa chupa. Maziwa ya ngamia yalimmwagikia kifuani, mbavu zikamtoka. Ndipo Kanchoro akafanya lile ambalo kila mtoto wa Kiborana hulijua kabla ya kuota meno ya pili: alipiga mluzi ule wa chini chini wa kuita ng’ombe kwenye maji kisimani. Mtoto akanywa.

“Alikuwa anakufa, bwana. Ningefanya nini? Mimi kunywesha mnyama najua njia moja tu.”

Kwa miaka miwili mluzi huo ukawa ndio burudani ya wageni. Shule zikija, Kanchoro anapiga, punda anakuja mbio, watoto wanashangilia. Kumbe balaa inalelewa! Mluzi huo si wake peke yake. Kuanzia Korbesa hadi Kinna kila mchungaji anaupiga, na jangili mwenye bunduki naye amekulia kwenye visima hivyo hivyo. Siku msimamizi wa kituo, Mutembei, alipomweleza hayo, Kanchoro aliketi chini mavumbini.

Tangu hapo anamtupia punda wake mawe ili amwogope binadamu. Nyumbani hatulii. Dahabo anamtania kwamba hata siku za kumposa yeye hakuhangaika hivi.

Leo wamefika wanafunzi kutoka shule ya Wabera na mwalimu wao, Gatakaa. Kama kawaida, mwalimu anamwomba awaitie punda. Kanchoro anakataa, tena kwa ukali, na watoto wananywea.

Mara, nje ya ua, mchungaji anapita na ng’ombe wake kuelekea mtoni. Anapiga mluzi.

Punda anainua kichwa. Masikio yanasimama. Anaanza kutembea kuelekea kwenye nyaya, bila wasiwasi wowote, kama anayekwenda kwao.

Kanchoro anakimbia, anaokota jiwe, anarusha. Linampata punda pajani. Anaruka, anatimka hadi mwisho wa ua, anasimama huko akitetemeka. Msichana mmoja anaanza kulia. Gatakaa anauliza ni moyo gani huo wa kumpiga mnyama uliyemlea mwenyewe.

“Mwalimu, mchelea mwana kulia hulia yeye,” anajibu. “Nikimwonea huruma leo, kesho nitaiona ngozi yake ikiuzwa.”

Mutembei alikuwa amepanga mgeni ndiye aje kumjaribu punda. Kanchoro amemwendea akamsihi kazi hiyo aachiwe yeye, kwa kuwa punda akimkataa aliyemnywesha, hakuna mwingine atakayemwitikia.

“Jumatatu nitampigia mara ya mwisho,” anasema. “Namwomba Mungu asinigeuzie hata shingo.”

Anajifuta macho kwa ncha ya shuka. Kisha anainama kuokota mawe mengine, akichagua yaliyo madogo.