Sanduku la posta la Tata nilichelewa kulilipia mimi, lawama kaachiwa yeye

Admin, nifichie jina, maana kijijini kwetu hata kuku wana simu. Mimi ni mwanaume wa miaka 56, nina mke, watoto wanne na kitambi ambacho mke wangu anakiita mtoto wa tano. Naishi Isingiro, Kyerwa. Majina humu nimeyabadilisha.

Kilichonitonesha ni binti yangu. Anauza kahawa mtandaoni, na juzi amechelewa kulipia upya jina la tovuti yake, mtu mwingine akalichukua. Wateja wanaandika, majibu hayaji. Akalia, "Baba, walikuwa wananijua kwa jina lile tu." Mama yake alimbembeleza. Mimi nilitoka nje nikajifanya natafuta jembe.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa na miaka ishirini. Marehemu baba yangu, Tata, ndiye peke yake kitongojini mwetu aliyekuwa na sanduku la posta, huko mjini Kayanga. Kaya kama thelathini zilitumia namba yake. Wengi wetu asili yetu ni Rwanda, na ndugu wametawanyika kila upande. Barua zikija, Tata alizisoma majina Jumapili baada ya ibada, na mtu alipokea yake kwa mikono miwili kama anapokea mtoto.

Kazi yangu ilikuwa moja kwa mwaka: kupanda baiskeli mwezi wa kwanza, kwenda posta kulipia sanduku upya. Mwaka ule nilipitia Igurwa, kwa binti mmoja niliyempenda. Nikakuta baba yake anakamua ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nikavua viatu, nikaingia kwenye mtumbwi wa kukamulia, nikakanyaga ndizi na nyasi zake mpaka jasho likanitoka, ili mzee aone kijana ana nguvu. Aliona. Nilipofika posta pamefungwa. Nyumbani nikasema, "Tayari, Tata."

Nilipanga kurudi wiki inayofuata. Lakini nilipopita siku nyingine, ufunguo ulifungua na barua zilikuwamo, nikajiambia, kumbe hakuna haraka. Mwezi wa nne ufunguo ukagoma. Karani akanitazama juu ya miwani.

"Lina mwenyewe mwingine, mfanyabiashara. Mlikuwa wapi, kijana? Tangazo limebandikwa hapo mpaka limepauka."

Nikaomba jingine, nikarudi na namba mpya na uongo mpya: posta wamebadilisha masanduku. Tata alinipongeza kwa kulishughulikia. Watu wakawaandikia ndugu zao namba mpya, mambo yakaenda. Isipokuwa kwa mmoja.

Jirani yetu Mama Kaspari alikuwa mjane mwenye mtoto huyo mmoja. Kabla sanduku halijapotea walikosana, mama hakumtaka mchumba aliyemleta, na Kaspari akaondoka akisema akipata pa kukaa ataandika kwa sanduku la mzee. Hakuna aliyejua yuko wapi. Wote tuliweza kuwapa ndugu zetu namba mpya. Yeye angempa nani?

Kila niliporudi kutoka mjini alikuwa kwenye kona ya barabara, kavaa kanga yake ya kanisani, hata kama ni Jumanne.

"Shikamoo, Mama Kaspari."

"Marahaba. Posta wanasemaje, mwanangu?"

"Hamna kitu, Mama."

"Basi ameoa. Wakioa wanasahau." Anacheka, anaondoka.

Mara moja tu nilijikaza nikamwendea yule mfanyabiashara. Akasema barua zisizo zake anaziandika "hajulikani" na kuzirudisha kaunta. Nikamshukuru. Eti nilimshukuru. Mama Kaspari aliuliza hivyo miaka sita, kisha akafa.

Mwezi uliopita akaja mzee mwenye mvi, fimbo mkononi. Kaspari. Katokea Kigoma, na bahasha ndani ya nailoni. Alinisomea mstari mmoja tu: "Mama, kama umenisamehe, mwambie mzee aandike neno moja, nitakuja." Juu ya bahasha, kwa kalamu nyekundu: HAJULIKANI.

"Mdogo wangu," akasema, "mama alikuwa mita mia kutoka kwenu. Baba yako akairudisha barua yangu. Alinichukia kwa lipi?"

Ningeweza kusema palepale. Nikasema, "Kaka, wazee wale walikuwa na mambo yao."

Ndivyo nilivyomwuza baba yangu, kaburi lake liko nyuma ya nyumba. Tangu siku hiyo Kaspari akija kwangu hukaa kiti kinachotazama barabarani, asilione. Ameshawaambia ukoo kwamba Tata alikuwa na roho mbaya. Watu waliosomewa barua zao na Tata wanatikisa vichwa: "Kumbe."

Binti wa Igurwa ndiye mke wangu. Bado hunitania mbele ya wageni kwamba rubisi niliyoikamua ilichacha kabla ya kufika sokoni. Hajui siku ile ilimgharimu nani. Na mimi kila nikifika kona ile ya barabara, hata nikiwa na pikipiki, napunguza mwendo, nasikia: posta wanasemaje, mwanangu? Mchana kweupe. Nimewahi kujibu kwa sauti, mtoto wa jirani akakimbia.

Jumapili hii Kaspari anasimika msalaba kaburini kwa mama yake. Ameniomba niseme neno kwa niaba ya majirani, kwa sababu, anasema, mimi sikufanana na baba yangu. Ana shinikizo la damu na umri umekwenda. Nikisema kweli, namwambia kuwa mama yake alikufa akimsubiri kwa sababu ya kijana aliyekuwa anakanyaga ndizi. Nikinyamaza, nitasimama pale nisifiwe, na Tata azikwe mara ya pili.

Nitukaneni kwanza, nastahili. Mkimaliza, nishaurini: Jumapili nikipewa nafasi, niseme nini?