Aliyevua Viatu Dutumi

Nakumbuka masika moja pale Dutumi, mwanangu, enzi za ujamaa. Dada yangu Mwanaidi kashikwa na uchungu tangu alfajiri, mtoto kalala upande tumboni. Mkunga wetu, Bi Tatu, akatoka chumbani anafuta mikono. "Mimi hapa basi. Mpelekeni hospitali Mlandizi, haraka."

Gari zilikuwepo mbili, zimekuja kutoka Dar kwa sikukuu ya Idi, zote za Kijapani, zote za mbio. Datsun ya binamu yetu Rajabu ilikuwa kuukuu, imeinuka, inanguruma kama mashine ya kusaga. Selika ya Hamisi, mdogo wake mume wa Mwanaidi, ilikuwa mpya, nyekundu, imelala chini kama kenge. Lakini petroli ilikuwa adimu siku hizo: ukizikamua zote mbili, unapata ya kufikisha moja. Na maji ya mto yalikuwa yamepanda barabarani.

Ubishi ukaanza. Nami, mdomo wangu haujawahi kuwa na pazia, nikapiga kelele, "Datsun! Hiyo imezoea matope!"

Rajabu akalipiga bati lake kofi. "Hii ndiyo gari! Hiyo ya Hamisi ya kuendea harusini."

"Yako inatembea kwa dua," Hamisi akamjibu.

Ndani Mwanaidi akalia. Sauti ilishakuwa nyembamba kama ya paka.

Bi Tatu akanigeukia. "Funga bakuli lako, binti! Mnasifia mabati, mto nani kautazama?"

Rajabu akaitazama suruali yake ya Idi. Hamisi akavua viatu, akaingia majini na fimbo, anachomachoma. Katikati maji kiunoni. Pembeni, penye changarawe, yakamwishia kifundoni. Akarudi anatetemeka: "Mleteni shemeji."

Rajabu, nisimpunje haki yake, aliona haya. Akainyonya petroli ya Datsun kwa mpira, akammiminia mwenzake, kisha akatangulia majini na suruali ileile, anaonyesha njia.

Nilibaki ukingoni natafuna ncha ya khanga mpaka magharibi, honi iliposikika. Mama mzima, mtoto mzima. Mtoto ndiye huyo mwenye mvi anayewafokea mkikimbiza pikipiki.

Basi mwanangu, ukisikia wanabishania la zamani na jipya, waache. Mto hauulizi gari la mwaka gani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwamini yule anayekubali kulowa kabla hajakupakia. Mola akujalie watu wa kukuvulia viatu, na siku ya mwenzio, vya kwanza kuvuliwa viwe vyako.