Dume la Nyumba Mbili

Mwaka 1976, kipupwe kikianza, nilikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili, mjane wa mwaka wa pili, na mtu pekee katika ukoo wa marehemu aliyeweza kusoma barua bila kutikisa midomo. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka thelathini na saba, katika darasa la watu wazima, ubao wetu ukiwa umeegemezwa kwenye ukuta wa ghala la mahindi. Aliyepata kitu kwa kuchelewa hukishika kwa mikono miwili.

Mume wetu, nami naandika "wetu" kwa kulazimika, aliacha wajane wawili. Mimi niliolewa mwaka 1953, nikatoka vilima vya Iringa na kushuka Usangu. Mwenzangu aliolewa mwaka 1966, binti wa watu waliohama kutoka kaskazini wakiswaga ng'ombe wao hadi kwenye mbuga zetu. Shule hakuiona kabisa. Lakini angemtazama ng'ombe mwenye mimba akataja juma atakalozaa, na ng'ombe akatii. Jioni mume wetu alipitia kwanza zizini kwake kuuliza habari za mifugo, kisha akaja kwangu kuuliza habari za chakula. Kwa miaka minane nilimpakulia chakula hicho nikiwa nimefunga mdomo.

Mwezi Februari mwaka huo dume letu la mbegu lilikufa kwa ndigana, ile homa ya kupe. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu na msimamizi wa mirathi, akaamua kwamba nyumba zote mbili zitoe maksai, wabadilishwe kwa dume mmoja kutoka shamba la mifugo la serikali upande wa Mbeya. Nyumba ambayo chaguo lake lingekubaliwa na kikao ndiyo ingemtunza. Kwa watu wetu hilo si jambo dogo. Zizi lenye dume ndilo zizi kubwa. Mwenye jike la kupandwa humswaga hadi langoni pako, akabisha hodi, akangoja. Nilitaka wangoje langoni pangu. Zaidi ya wote, nilitaka angoje mwenzangu.

Jumanne tarehe 8 Juni tulikwenda shamba hilo la serikali sote watatu, shemeji na sisi wajane, kwa lori. Bwana mifugo alituonyesha madume wawili waliosalia, mwekundu na wa kijivu, akanikabidhi kadi zao kwa kuwa nilinyoosha mkono kwanza.

"Mama, hizi si sifa za dume mwenyewe," alisema. "Ni makadirio ya kile atakachowarithisha wanawe. Tumepima uzito wa ndama wa baba yake, na wa ndugu zake, ndipo tukakadiria. Alama ya kujumlisha, wanawe watazidi wastani wa shamba. Alama ya kutoa, watapungua."

Nilisoma. Mwekundu alikuwa na kujumlisha kila mstari: uzito wa ndama akizaliwa, akiachishwa ziwa, akitimiza mwaka. Wa kijivu alikuwa na kutoa kwenye mstari wa kwanza, na kujumlisha kudogo kwenye miwili iliyofuata. Darasani kwetu kutoa kulikuwa kupungukiwa. Sikuhitaji kuinua macho ili kumchagua mwekundu.

Mwenzangu alikuwa ameshaingia ndani ya uzio. Alimzunguka mwekundu mara mbili, akampapasa bega, akapiga mluzi.

"Mabega kama mlango wa ghala! Dada, ndama wa huyu atapitia wapi? Majike yetu yana nyonga za mbuzi. Mimi namtaka wa kijivu."

"Mabega ni ya kutazama," nilimjibu. "Haya yamepimwa, yameandikwa."

"Haya. Siku ya kuzaa tutaiita karatasi ije ivute miguu."

Shemeji alicheka. Bwana mifugo naye alicheka, kisha akanigeukia: "Maelezo yako nyuma ya kadi, mama. Umeyasoma?"

"Nimeyasoma," nilisema.

Sikuwa nimeyasoma. Ningegeuza kadi wakati ule, mbele ya kicheko kile, ningeonekana ninatafuta msaada. Bwana mifugo akaniruhusu kuzichukua kadi hadi siku ya kikao. Njiani kurudi mwenzangu alitoa karanga za kuchemsha, akanigawia. Nilikataa, nikakaa na njaa yangu hadi Chimala.

Jumamosi tarehe 12 Juni nilikaa kunakili kadi kwenye daftari, kwa maana nilitaka siku ya kikao nisome bila kukwama. Nilipomaliza mbele nikageuza. Maandishi ya nyuma yalikuwa madogo, nami nilikwenda nayo polepole. Kwenye uzito wa kuzaliwa, yalisema, alama ya kujumlisha haimaanishi ubora. Ndama mzito humtesa mama yake. Kwa majike wadogo wa kienyeji chagua dume mwenye alama ya kutoa.

Nilisoma mara tatu. Kila mara yalisema maneno yaleyale aliyoyasema yule asiyejua hata herufi moja, akiwa ameweka mkono begani mwa ng'ombe.

Nakiri nilichowaza. Bwana mifugo asingekuja kwenye kikao. Alikuwa ametuachia tu fomu ya kumchukulia dume. Katika ukoo mzima hakuna ambaye angeigeuza kadi ile isipokuwa mimi. Nikinyamaza, mwekundu angeingia zizini kwangu, na mwenzangu angebisha hodi. Niliishi na wazo hilo juma zima, na lilikuwa tamu. Haukuwa wema ulioniondoa hapo. Nilikuwa na majike kumi na moja, wote wadogo, na kila asubuhi nilipofungua zizi walipita mbele yangu mmoja mmoja, nami nikajikuta natazama nyonga zao.

Kikao kilikaa Jumamosi tarehe 19 Juni 1976, uani kwa shemeji.

"Shemeji, wewe ndiye macho yetu," aliniambia. "Tusomee."

Nilisoma mbele ya kadi zote mbili. Wazee waliitikia kwa vichwa kila nilipotamka kujumlisha kwa mwekundu. Mwenzangu alikuwa ameinamisha kichwa, akichora mchanga kwa kijiti, akijua ameshindwa. Kisha nikageuza kadi, nikasoma na nyuma, hadi nukta ya mwisho.

"Kwa hiyo karatasi inasema wa kijivu?" shemeji aliuliza.

"Karatasi inasema wa kijivu."

Sikusema kwamba mwenzangu alitangulia kusema. Lakini yeye aliinua kichwa.

"Kumbe karatasi ina akili, dada. Imechelewa tu, kama mwenye kuisoma."

Uwanja mzima ulicheka, hata wazee. Shemeji alinisogezea fomu, maana hakukuwa na mwingine wa kuijaza. Palipoandikwa mtunzaji wa dume, niliandika jina la mwenzangu kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote, herufi zimesimama wima, asije mtu akasema niliandika kwa kinyongo. Naye hakujua kutia sahihi. Nilimshika kidole gumba, nikakipaka wino, nikakikandamiza juu ya karatasi, kwa muda mrefu kidogo kuliko wino ulivyohitaji.