Kituo cha Mzee Mseti

Kosa lililojulikana kuliko yote pale Kemambo lilikuwa la marehemu mzee Mseti, baba yake Nikodemo. Mzee alipiga litungu, ala yetu ya nyuzi, maisha yake yote. Lakini kwenye ule wimbo wa kumpokea bibi harusi, unaopigwa pande zote hizi, alikuwa akifika katikati anaacha nyuzi zinyamaze kidogo, ndipo anaendelea. Wapigaji wa Susuni, kijiji jirani, hawanyamazi. Wao huuteremsha moja kwa moja mpaka mwisho, na miaka yote wamesema Mseti aliwaibia wimbo wao, akaushika vibaya, akaupeleka Kemambo ukiwa kilema. Watu wa Susuni wana midomo, acha tu.

Nikodemo alirithi litungu na kile kituo cha katikati ya wimbo. Baba hakuwahi kumweleza sababu, alimwambia tu, "Hapo subiri." Kila alipokipiga aliona aibu, na kila alipojaribu kukiruka aliona anamkana baba yake.

Sasa mpwa wake Tabitha anaolewa, na anaolewa wapi? Susuni. Mjomba ameombwa apige, tena bega kwa bega na Nashoni, mpigaji wa huko. Asubuhi ya harusi Nikodemo alikata shauri: leo atapiga kama wao, yaishe. Alipofika kwa kina bwana harusi, akaenda kukaza nyuzi nyuma ya jiko.

Umeme ulikuwa umekatika tangu jana na mashine ya kusaga ilikuwa imelala. Waisiko, bibi yake bwana harusi, alikuwa amepiga magoti akisaga ulezi kwa mawe, wa uji wa wageni. Jiwe lilikwenda likarudi, likaenda likarudi. Kisha likanyamaza. Mkono wa bibi ukachota punje kwenye ungo, ukazimwaga, na jiwe likaondoka tena.

Vidole vya Nikodemo viliganda kwenye nyuzi. Jiwe lilikuwa limenyamaza kama alivyokuwa akinyamaza baba yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uji bado."

"Huo wimbo nani alikufundisha?"

"Wimbo gani, mwanangu? Mimi nasaga."

Nikodemo alipakata litungu. Alianza kupiga polepole, kama alivyopiga baba yake, huku bibi akisaga. Nyuzi na jiwe vilikwenda pamoja. Nyuzi zilipotulia, mkono ulichota. Mara ya pili Waisiko akaacha jiwe, akashika shavu.

"Hee! Mama yangu alikuwa akiuimba hivyo hivyo akisaga, na mimi nipo mgongoni. Wanawake wote walikuwa wanausagia, wa huku na wa kwenu. Wanaume wameuchukua wakaenda nao kwenye ngoma. Huko nani anaongeza ulezi?"

Nikodemo alitamani kucheka. Alikuwa ameshika mikononi kitu kikubwa kuliko baba yake, kuliko Susuni yote, na aliogopa hata kukigusa.

Mchana Tabitha aliposhuka kwenye gari, wapigaji wawili walianza. Katikati ya wimbo Nikodemo akanyamaza. Nashoni akapitiliza peke yake, na vijana wakaangua kicheko. Lakini kule walikoketi bibi wazee, mikono ilikuwa imeinama, yote kwa pamoja, ikachota hewa na kuimwaga. Kicheko kilikatika. Nikodemo alipiga huku machozi yakimtiririka, wala hakuyafuta.

Wimbo ulizunguka, ukafika pale tena. Nashoni aliwatazama wale bibi, akamtazama Nikodemo, akasubiri.